Fahali wa Khocha

Kitale, 14 Januari 2024

Kwa kaka yangu Sifuna,

Pokea salamu kutoka huku Kitale, ambako baridi ya asubuhi imetufanya sote tutembee tumejikunja kama wazee. Sisi ni wazima. Makokha anakusalimu. Bado yuko pale kaunti, na bado anakoroma. Derrick ameota sauti nzito. Akiniita kutoka jikoni nadhani mgeni ameingia. Sellah na watoto hawajambo? Na kuku wa Sellah?

Najua utashangaa kupata barua. Nimempa Emmy wa vitunguu kwa sababu yeye hushuka Sirisia siku za soko, na nimemwambia akupe wewe mkononi. Tangu Krismasi nakupigia simu. Ukisikia ni mimi unasema, "Network huku ni mbaya bana," halafu kimya. Barua haina network, kwa hivyo isome mpaka mwisho.

Mwaka ndio huu. Agosti, Derrick anatahiriwa nyumbani kwa babu yake kule Chwele. Mama mkwe wangu ameniuliza mbele ya watu, "Khocha wake yuko tayari?" Mjomba wa Derrick ni wewe peke yako, tumbo la mama yetu halikuacha mwingine. Atakuja kwako na njuga zake mikononi, na kijiji kizima nyuma yake kikiimba, kutaka fahali wake. Ukichinja, utakata ule ukanda wa nyama ya kifua, ile luliki, umvishe shingoni arudi nayo nyumbani. Asipovishwa, atarudi shingo tupu na watu watamwona.

Nilimjibu mama mkwe kwamba uko tayari kuliko sisi. Nilisema hivyo kwa sababu sikuwa na jibu lingine. Najua tangu tajiri wako auze lori hujashika usukani mwingine. Kama kuna shida niambie, kaka. Kidogo nilicho nacho ni chetu sote.

Dada yako,
Nabwile


Sirisia, 11 Februari 2024

Kwa dada yangu Nabwile, mke wa mkoromaji,

Emmy amefika na barua yako ikinuka vitunguu, nikailia machozi kabla sijaifungua. Sisi ni wazima. Mahindi ya mwaka jana bado yapo darini na mtoto wa mwisho ameanza shule. Kuku wa Sellah wanamshinda waziri kwa kupigiwa simu. Anawapiga picha, anawaweka kwenye status, na akina mama wa kanisa wanagombania mayai ambayo bado hayajatagwa. Mimi nimekuwa mpelekaji wa mayai wa mke wangu. Cheka, najua unacheka.

Umeandika vizuri isipokuwa pale uliposema kidogo ulicho nacho ni chetu. Hapo nilikunja barua nikaenda kutembea mpaka mtoni. Dada, wewe si mgeni katika mambo haya. Ulipoolewa, ng'ombe mmoja katika wale wa mahari alikuja kwangu, nikamla na kumkubali. Ndiyo maana nadaiwa luliki na mtoto wako. Fahali akitoka kwako, au kwa Makokha, tutakuwa tumemvisha Derrick nyama ya boma lake mwenyewe na kumwambia imetoka kwa khocha. Hiyo si luliki. Ni uongo unaoning'inia shingoni mwa mtoto.

Kwa hivyo usinitumie hata shilingi. Sijalala usingizi. Nimekodisha mkokoteni wangu kwa wajenzi mpaka gurudumu likakataa. Nimejaribu uyoga kwenye ile nyumba ya zamani ya mbuzi, mbuzi wakaula. Nikaingia mtandaoni kwa watu wanaouliza maswali, wakataka kujua ninafua kwa sabuni gani na kama naipenda. Nikawajibu kwa uaminifu kwamba anayefua ni Sellah. Wakanilipa kwa salio la simu, nikalitumia kuwapigia kuuliza pesa iko wapi. Kuna wengine walitaka nilipe kwanza ndipo wanipe kazi. Hao niliwaambia mimi ni mjinga, lakini si wa kiwango hicho.

Sasa nimepata jambo lingine, ni la simu pia. Usiulize ni gani. Mwambie mama mkwe wako anoe meno.

Kaka yako,
Sifuna


Kitale, 17 Machi 2024

Kaka Sifuna,

Mvua imeanza huku, watu wanapanda, na miche yangu ya sukuma inatoka kama mkate wa asubuhi. Nimeweka kibanda pale barabarani, karibu na kwa fundi wa viatu. Mchana nauza miche, na kati ya mteja na mteja nawajazia watu maombi yao kwenye simu: ya karo, ya kazi, ya vitambulisho. Wengine wanakuja na simu nzuri kuliko yangu na hawajui pa kubonyeza. Makokha anaona mchezo tu. Ninamwacha aone hivyo.

Derrick ameanza kupita nyuma ya nyumba akifanya mazoezi ya kuruka na njuga. Jirani zetu ni Wasabaot, wana yao ya jando, lakini wanatoka nje kumtazama. Anajivuna, kaka. Amewaambia wenzake, "Khocha wangu si mtu wa mchezo." Nimemsikia kwa masikio yangu.

Sijauliza kazi yako, umeona? Nimeinyamazia. Lakini kuna siku jirani yangu alinionyesha kitu kwenye simu yake, mimi nikacheka, halafu nikaacha kucheka, halafu nikamwomba anirudishie tena na tena mpaka chai ikapoa. Sitakuambia kilikuwa nini. Nauliza tu: lile litungu la nyuzi alilokuwa akipiga baba, lenye kiraka cha bati pale ubavuni, bado liko?

Dada yako,
Nabwile


Sirisia, 28 Aprili 2024

Dada Nabwile,

Salamu za Pasaka zimechelewa, lakini zimefika. Maharagwe yamechanua. Sellah alipatwa na malaria, sasa amepona na ameanza tena kunituma.

Litungu liko ukutani linakula vumbi. Umeuliza la nini?

Habari kubwa ni kwamba kazi yangu imeshika. Sasa watu wananiagizia kwa ajili ya jamaa zao: mmoja yuko Qatar, wengine Nairobi, kuna nesi wa Eldoret. Lakini nguzo yangu ni mama mmoja wa huko kwenu, jina lake Chemutai. Huyo ni baraka. Haipiti wiki bila oda, na analipa kabla sijaanza. Ana ukoo mkubwa ajabu, na ajabu zaidi wote ni Wabukusu. Leo ni babu wa ukoo wa Bakhone anayetimiza miaka, kesho ni shangazi wa Batecho aliyepona mguu. Nadhani ameolewa kwetu. Mungu ambariki na wakwe zake wote.

Sasa keti. Wiki iliyopita nilipanda Cheptais kwa mzee Kimeli, nikarudi na fahali. Mwekundu, mweupe kwenye paji la uso, shingo kama gunia la mahindi. Nilimpitisha katikati ya soko la Sirisia makusudi, polepole, nikisalimia kila mtu. Makanga mmoja akaniita, "Mzee, hiyo ni ng'ombe ama ni nyumba?" Nikamjibu, "Hii ni ya mtoto wa dada yangu." Dada, kwa muda mrefu sijatembea hivyo. Tangu lori liuzwe nimekuwa nikipita soko hilo nikiangalia viatu vyangu.

Kaka yako mwenye fahali,
Sifuna


Kitale, 9 Juni 2024

Kaka,

Barua yako niliisoma kwa sauti kibandani, nikalia mbele ya wateja. Tangu hapo sijasikia neno. Emmy anasema alikuona sokoni ukageuza njia. Simu inaita mpaka inachoka. Sellah ameniambia tu, "Yuko, anakula, haongei."

Unaumwa? Fahali ana tatizo? Derrick anauliza kwa nini khocha hajibu. 

Nabwile


Sirisia, 30 Juni 2024

Nabwile,

Siumwi, na fahali ni mzima. Anakula majani yangu na kila nikimwangalia natamani kumpiga.

Nitaanza na kazi yangu, ingawa naona unaijua. Jioni moja mwezi wa kwanza Sellah aliniambia, "Wewe, badala ya kunung'unika, shika hilo litungu la baba yako nikupige video kama kuku." Nikakataa uso wangu uonekane. Baba alikuwa akipiga kwenye vilabu vya pombe ya busaa na mama akimtafuta usiku, na mimi niliapa sitaonekana nalo. Sellah akapiga video ya mikono tu. Watu wakapenda. Mtu wa Nairobi akaomba nimwimbie baba yake, nimtaje kwa ukoo wake na kumsifu, akanilipa. Basi ikawa hivyo: mtu ananitumia jina, ukoo na vitu viwili vitatu kuhusu mhusika, nami namtungia wimbo mfupi na kumrudishia. Niliona aibu kukuambia. Sasa aibu hiyo naiona ndogo.

Mwezi wa tano Chemutai wako alinitumia oda. Alisema ni ya mama mmoja marehemu, nisitaje jina. Mama huyo alikuwa akipalilia maharagwe huku mtoto mmoja yuko mgongoni na mwingine amekaa kwenye mtaro, na akifika nyumbani jioni alisimama mlangoni, akanyoosha mgongo na kusema, "Mimi nimefika, jua nalo liende kwao."

Nikaimba. Nabwile, sijawahi kuimba hivyo. Uzi mmoja ulikatika nikaendelea bila huo. Sellah aliacha kupika akaja kusimama. Nikautuma ule wimbo, nikaketi nikijifuta macho, nikawa nawaza ni mama gani huyu anayefanana na wetu. Kisha maneno ya mlangoni yakanirudia. Mwenye maneno hayo alikuwa Nakhumicha mama yetu peke yake, na waliobaki duniani waliowahi kuyasikia ni wawili. Mmoja ni mimi.

Nikampigia Chemutai. Nikamwuliza, "Mama, hawa watu wako ninaowaimbia wako wapi?" Akasema, "Aki si uulize sister yako. Mimi ni jirani tu, ananipatia pesa natuma."

Basi yule babu wa Bakhone hayuko. Yule shangazi wa mguu hayuko. Nimeimbia watu ambao hawajazaliwa! Nilitunga sifa za yule babu siku nzima shambani, nikamwombea maisha marefu.

Na pesa hiyo ndiyo iliyomnunua fahali, karibu yote. Fahali huyu ana mkono wako, Nabwile. Nilikuambia usinitumie, ukazunguka kwa jirani. Nilipitia sokoni nikimwambia kila mtu ni wa mtoto wa dada yangu, kumbe nilikuwa nasema kweli kuliko nilivyojua. Nimeona haya mbele ya ng'ombe.

Sifuna


Kitale, 7 Julai 2024

Kaka Sifuna,

Nakusalimu, na ninawasalimu wote wa boma lako. Sisi hatujambo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama.

Sitaomba msamaha. Nilikuona kwenye simu ya Chemutai, mikono tu, na nilikujua kwa kiraka cha litungu kabla sijaujua wimbo. Kaka yangu, niliyemjua akiendesha lori la magunia, alikuwa anafanya watu wa mbali wafute machozi. Unajua nilivyojisikia? Nilitaka kutoka barabarani nipige kelele. Nikashindwa, kwa sababu ulikuwa umeficha uso. Kwa hivyo nikanunua. Pesa ni ya miche na ya maombi ya watu, si ya Makokha; hata hajui.

Na usiseme nilikupa bure. Uliimba au hukuimba? Nikija soko la Sirisia nikakununulia maharagwe, utakataa kwa sababu ni mimi?

Tena hukuimbia hewa. Wimbo wa yule babu niliuweka kibandani asubuhi moja wakati wa mvua. Waliokuja kununua miche wakabaki. Mzee mmoja wa Bakhone halisi, mwenye fimbo, aliniambia tangu atoke kwao hajasikia mtu akiwataja wazee wake hivyo, akarudi keshoye na mke wake. Sasa wakipita wananiuliza leo khocha ameimba nini. Watu hao wapo, wanatembea kwa miguu yao. Niliwapa namba yako.

Ule wa mama sijaufungulia mtu yeyote. Nausikiliza jioni nikifunga kibanda.

Nilitunga babu na shangazi, hilo ni kweli. Kwa mama sikuweza kutunga. Nilijua ukiusikia mlango ule utanijua, na nikautuma hivyo hivyo.

Mchinje fahali, kaka. Mtoto anakuja.

Nabwile


Sirisia, 28 Julai 2024

Dada yangu Nabwile,

Mahindi yamebeba, mvua si haba, na Sellah hanisemeshi. Utajua sababu.

Nimemuuza fahali. Kabla hujairarua barua hii, soma. Nikinunuliwa maharagwe na dada yangu, dada yangu anakwenda kuyapika na kula, hapo umesema sawa. Lakini hukuja sokoni kwa njaa ya maharagwe. Ulikuja kwa sababu uliona meza yangu haina mtu. Hilo nalikubali kwa moyo, hata nimelilia. Ila shingoni mwa Derrick siwezi kulivisha.

Pesa ya fahali sikuila. Nimenunua mtamba mzuri, yuko zizini kwangu na ni wa Derrick. Akizaa, ndama ni wake. Mali ya boma lako imebaki ya boma lako, nami ni mchungaji tu.

Sasa wale uliowapa namba. Walianza kupiga, wakaniletea na binamu zao. Kila anayeagiza nampigia kwanza video nimwone. Namwuliza, "Wewe uko?" Mzee wa fimbo alinijibu, "Kijana, niko, nitaenda wapi?" Wakinionyesha uso, nami nawaonyesha wangu. Sitaficha tena uso. Wiki hii nilipiga litungu mchana sokoni Sirisia, mbele ya wale wale walioniona na fahali, na wakauliza ameenda wapi. Niliwaambia ameuzwa. Hawakuelewa, nami sikujieleza.

Kwa pesa ya watu waliopo nimepata fahali mwingine. Usitarajie ng'ombe wa kutikisa ardhi. Ni mdogo, na mbavu unaweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Waambie wakwe zako wasije na vyungu vikubwa.

Khocha wa Derrick,
Sifuna


Kitale, 25 Agosti 2024

Kaka yangu mpendwa Sifuna,

Tumerudi salama. Derrick yuko Chwele bado anauguza kidonda, na anakula kama wajenzi watatu. Makokha anakusalimu kwa jina kamili, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Sellah amekusemesha? Mwambie nimesema inatosha.

Wewe ulimtuma mtoto, lakini hukuona alivyofika. Acha nikuambie. Tulisikia nyimbo kutoka ng'ambo ya shamba la miwa, kisha njuga, kisha vumbi. Mama mkwe alisimama mbele yetu sote ili awe wa kwanza kuona. Derrick akatokea, amejaa jasho na kinyesi cha fahali ulichompaka kifuani, uso mkavu. Luliki ilikuwa shingoni mwake. Kaka, ilikuwa nyembamba. Ukanda wa suruali ya mtoto ni mpana kuliko ule.

Mama mkwe akageuka na kuniuliza, si kwa ubaya, ila kwa sauti ya watu wote, "Huyu khocha amechinja ng'ombe ama mbuzi?"

Januari ningetafuta uongo wa kumjibu. Siku hiyo nilisema, "Mama, amechinja fahali wake mwenyewe. Hakuna mkono wa mtu mwingine ndani yake." Nikalisema tena kwa Kibukusu ili wazee walio nyuma wasikie. Mzee mkubwa wa ukoo wao akasema hiyo ndiyo luliki, na wengine wakaitikia. Derrick alikuwa amesimama palepale. Aliponisikia aliinua shingo, kaka, akaiinua ili ule ukanda mwembamba uonekane vizuri.

Alfajiri alisimama wima. Hakupepesa jicho. Nilijua hatapepesa.

Sasa nina oda. Pesa nimetuma asubuhi hii, kwa simu yangu na kwa jina langu, usipige kuuliza kama niko. Nataka wimbo wa khocha mmoja wa Sirisia, mwana wa Nakhumicha. Usimtungie sifa asizokuwa nazo. Na usiulize kama mtu huyo yupo, kwa sababu nimemwona shingoni mwa mwanangu.

Dada yako na mteja wako,
Nabwile